Nguruwe wa Mshindi wa Nne

Siku ile mjinga nilikuwa mimi. Nasema mapema, tena kwa sauti, usije ukapoteza muda kumtafuta kati ya wengine. Wagombea walikuwepo. Alikuwepo mzee wa Kitaliano mwenye kofia ya majani. Alikuwepo Prince, kijana wa Goma asiyejua kuogelea, aliyekuja kwenye mashindano ya mashua na jinzi ya kubana. Alikuwepo Lazare, Mrundi wangu, mtani wangu, aliyeniamini. Kura zikahesabiwa, nikashinda mimi Bisimwa bila mpinzani.

Tulikuwa tunafanya kazi kwenye ghala la vigae pale Smithfield, huku Australia. Mwenye ghala aliitwa Zorzi, mzaliwa wa Venezia, ule mji wa Italia ambao barabara zake ni maji na basi lake ni mashua. Kila mwaka, vuli ya huko kwao ikiingia, patroni alikuwa anafunga begi anakwenda. Mwezi wa tisa kuna mashindano ya mashua kwenye mfereji mkubwa, watu wamevaa kama wafalme wa zamani. Mwezi wa kumi wanakimbia mbio ndefu, wanapanda madaraja wanashuka madaraja. Mwezi wa kumi na moja wanawasha mishumaa kwa Bikira Maria wa Afya, kumshukuru kwa tauni iliyowaua babu zao mpaka ikachoka. Sasa Korona ikafunga mipaka ya Australia. Zorzi akakosa vuli mbili. Dada yake akazikwa huko, yeye akatazama kwenye simu, akiwa amekaa juu ya maboksi ya vigae vya bafuni.

Basi mwaka 2021, lokdauni ilipolegea, akatukusanya kwenye chumba cha chai.

"Siwezi kwenda Venezia," akasema. "Kwa hiyo Venezia itakuja hapa. Jumapili ijayo, ziwa la Chipping Norton. Mshumaa, supu, mashua. Mtapiga kasia mmesimama, kama watu wa kwetu. Atakayeanguka, nitacheka."

Akabandika ukutani karatasi aliyochora mwenyewe. Mshindi wa kwanza, bendera nyekundu. Wa pili, bendera nyeupe. Wa tatu, ya kijani. Wa nne, ya buluu, na kando yake nguruwe.

Nikanyoosha mkono. "Patroni, huyo nguruwe ni picha au ni nguruwe?"

"Zamani kwetu wa nne alipewa mtoto wa nguruwe, mzima, anapiga kelele. Siku hizi wamekuwa waungwana, wanampa picha tu. Mimi si mwungwana. Nimeshamwagiza shambani."

Hebu nieleweshe, wewe unayesoma. Mtu wa kwanza anapewa kitambaa. Wa pili kitambaa. Wa tatu kitambaa. Wa nne anapewa nyama inayotembea. Mimi ni Mshi wa Bukavu. Kwetu mtu akikupa mnyama amekuinua. Ukipewa mnyama mbele za watu, hata shemeji zako wanaanza kukuamkia kwa adabu. Nikawatazama wenzangu nikaona hakuna aliyeshtuka. Nikajiambia, Bisimwa, macho unayo peke yako.

Usiku huo sikungoja. Nikaandika kwenye kundi la kwaya la WhatsApp: *Noeli hii, nguruwe ni kwangu. Njooni na njaa.* Mke wangu Généreuse akaniuliza, "Nguruwe yuko wapi?" Nikamwambia, "Yuko njiani." Akasema, "Kama ile kazi yako ya umeneja." Akazima taa.

Anajua pa kupiga, yule mwanamke. Katika nchi hii nimeshaahidiwa umeneja mara nyingi kuliko nilivyoahidiwa chai. Bosi wa kiwanda cha mikate aliniambia "mwezi ujao" mpaka kiwanda kikafungwa. Bosi wa kusafisha treni alinipiga bega akasema mimi ni familia. Wiki iliyofuata familia ikapunguzwa. Kwa Zorzi nilipata kazi ya kudumu kwa sababu aliyekuwa anaendesha forklifti aligonga ukuta akakimbia. Ndiyo shule niliyosoma. Cheti chake kinasema: ahadi ya patroni ni moshi, nguruwe ana miguu minne.

Lazare hakuwa na kazi ya kudumu. Alikuwa wa kupigiwa simu: leo njoo, kesho kaa. Miezi ile ya kufungiwa hakupigiwa kabisa. Yeye, mkewe Gloriose na watoto watatu walikuwa wanaishi Blacktown kwenye gereji ya Ninahazwe, dada yake Gloriose. Gereji, si nyumba. Sakafu ya saruji, mlango wa kuvuta juu. Watoto walisomea humo kwa simu moja, helikopta ya polisi inapita juu ikitangaza watu warudi nyumbani kwao, na binti mkubwa, Iteka, anauliza kwa Kiingereza, "Sisi ndani ya gereji tunahesabiwa tuko nyumbani?" Na sasa mume wa Ninahazwe alikuwa ametamka: kabla ya Noeli anataka gereji yake, gari lake linanyeshewa.

Nyumba za kupanga zilikuwepo. Lakini ejenti akiuliza kazi, Lazare akijibu ya kuitwa, ejenti anatabasamu, anamwita mtu anayefuata.

Na mimi nilikuwa namtania. Ndiyo kazi ya mtani. Lazare alizaliwa Rumonge, kando ya ziwa, akakulia kambini Tanzania, na huko ndiko alikojifunza utani na akanifundisha: mtani anakutukana hata msibani, anavaa kofia ya marehemu, anaigiza alivyokuwa anakohoa, na wewe mfiwa huna ruhusa ya kukasirika. Nikaupenda mchezo huo kuliko alivyoupenda mwalimu. Nikifika gerejini nilikuwa nabisha hodi kwa honi. "Nimekuja kubadilisha oili!" Lazare anacheka. Gloriose hachekagi, lakini chai anatoa.

Jumapili ile niliwachukua wote kwa vani yangu. Tulipopita taa za Bankstown, Lazare, aliyekaa mbele na mimi, akaniambia polepole:

"Bisimwa, patroni aliniita juzi. Amesema mashua ya kwanza, kama kuna kibarua ndani yake, Jumatatu kibarua huyo anapewa kazi ya kudumu."

"Nani amesema?"

"Zorzi mwenyewe. Amesema anataka watu wasiozama."

"Na wewe ukaamini."

"Nimeamini."

"Warundi bwana! Ukiambiwa maharage yameota juu ya mwezi, utauliza ngazi iko wapi. Kazi inatolewa ofisini, Lazare. Haitolewi ziwani."

"Mimi nimepiga kasia tangu sijaota meno ya pili," akasema. "Leo wewe kaa nyuma, shika mwelekeo tu. Nguvu niachie mimi. Tushinde, ndugu yangu. Nakuomba."

Nyuma yetu kwenye kioo nilimwona Gloriose amefumba macho, midomo inacheza, anasali.

"Tutashinda," nikasema.

Kufika ziwani, tukaonyesha vyeti vya chanjo kwenye simu, tukagawiwa majaketi ya kuokolea, yale ya rangi ya machungwa. Prince akalivaa lake, akajitazama, akasema, "Nilikuja Australia kwa ndege nikasema nimeponyoka. Kumbe safari ya mashua ilikuwa inanisubiri huku." Watu wakacheka sana, na waliocheka zaidi ni wale waliokuwa wamewahi kweli kupanda mashua za namna hiyo.

Zorzi aliwasha mshumaa wake mezani, ukazimwa na upepo, akauwasha tena, akasema jina la dada yake kwa kilugha chao. Dakika ile moja alikuwa mzee tu, macho mekundu. Tulikunywa supu yake ya nyama ya kondoo iliyokaushwa kwa moshi na kabichi. Halafu akavaa kofia ya majani, akashika kipaza sauti, akawa Zorzi tena.

Nguruwe alikuwa ndani ya kizimba chini ya mti wenye maua ya zambarau. Mdogo, mweupe, masikio kama bahasha. Nikamtazama, akanitazama. Nikaona tayari mpaka sahani.

Mashua zilikuwa sita, za chini bapa, watu wawili kila moja. Mmoja anasimama mbele, mwingine nyuma, wote wanatazama waendako. Twende mpaka boya la manjano, tulizunguke, turudi. Lazare mbele, mimi nyuma. Kwa hiyo mimi namwona yeye, yeye hanioni. Kumbuka hapo.

Filimbi ikalia, na sijawahi kuona kitu kama kile. Lazare, huyu huyu mtu wa kuomba radhi hata akikanyagwa yeye, alisimama juu ya ile mashua kana kwamba amepandwa pale. Kasia lilikuwa linaingia majini bila sauti na kutoka bila sauti. Mashua mbili ziligongana nyuma yetu, wenyewe wakatukanana. Prince alikuwa amepangwa mashua moja na Achola, dada mmoja Mwacholi wa Uganda anayefunga maboksi. Wao walikuwa wameshaanguka mara moja na kupanda tena, wanacheka, maji yanawatoka masikioni. Sisi tulilizunguka boya peke yetu. Nyuma yetu hakuna mtu karibu.

Na hapo ndipo nilipomkumbuka nguruwe.

Nikawaza hivi, na niliwaza haraka, kwa hiyo nilijiona nina akili. Tukiwa wa kwanza tunapata kitambaa chekundu na moshi wa patroni. Jumatatu Zorzi atasema "tutaona", nami namfahamu "tutaona", tumelala naye kitanda kimoja. Tukiwa wa nne, jioni hii hii kuna mnyama. Nusu kwangu, nusu kwa Lazare; watoto wa gerejini watakula nyama Noeli. Nani basi anamsaidia Lazare zaidi, anayempa ndoto au anayempa mguu wa nyuma?

Nikalilaza kasia langu majini kwa ubapa. Likawa linakokota kama breki.

Mashua ikawa nzito. Lazare akaongeza. Nikakandamiza. Akaongeza tena, nikaona shati lake linashikana na mgongo, jasho linashuka kama amemwagiwa ndoo. Mashua ya kwanza ikatupita. Ya pili ikatupita. Akasema bila kugeuka:

"Samahani, ndugu. Sijui mikono yangu ina nini."

Nami nikamjibu, nyinyi wa Mungu, nikamjibu nikiwa nimeibana breki kwa kwapa: "Usijali, Mrundi. Ni umri."

"Nimelala vibaya. Ile saruji."

"Jikaze tu."

Ya tatu iliyotupita ilikuwa ya Prince na Achola, hawaendi hata moja kwa moja, wanakwenda kama mlevi anayetafuta mlango. Walizipita na zile mbili za mbele, zilizokuwa zinazuiana njia zisipitane mpaka zikaingia kwenye matete. Prince alivuka mstari akiwa amepiga magoti amekumbatia mashua. Bendera nyekundu. Zile mbili zikachomoka matetini, zikawa ya pili na ya tatu, nasi tukaingia wa nne, sawasawa nilivyopanga, nami nikainua kasia juu kama bingwa.

Lazare alikuwa amekaa chini. Anatazama mikono yake, kiganja kimoja baada ya kingine.

Sasa sikia nilichokuwa sikijui. Zorzi akatuita, akamtoa nguruwe kizimbani, akamweka mikononi mwa Lazare, kwa sababu kwao wa mbele ndiye anayepokea. Kisha akasema kwenye kipaza sauti:

"Kwetu, wa nne anapewa nguruwe kwa sababu nguruwe ni mnyama wa mwendo wake! Mnene, mzito, wa mwisho kufika! Sasa azungushwe, na kila mtu amsalimie kwa lugha yake!"

Na watu wazima, wake kwa waume, wengine wazee wa kanisa, wakaanza kuguna. Kroo, kroo, kroo. Lazare alizungushwa uwanja mzima na lile jaketi la machungwa, nguruwe anampigia kelele sikioni. Akawa anatabasamu, maana amelelewa kutabasamu kwa watu. Nguruwe akamkojolea tumboni. Kelele za kicheko zikafika ng'ambo ya ziwa. Mimi nilikuwa natembea nyuma yake, na kwa hatua chache za mwanzo, Mungu anisamehe, nilikuwa napunga mkono.

Gloriose alisimama pembeni na watoto. Iteka alikuwa anaguna na wenzake, hajui. Mama yake akamshika mdomo.

Kisha Zorzi akamwita Prince, bado maji yanachuruzika kwenye jinzi. "Wewe ni kibarua?"

"Ndiyo, patroni."

"Ulikuwa. Kuanzia kesho uko na sisi kwa kudumu. Nilisema, na mbele ya mshumaa wa Bikira narudia. Mtu aliyeanguka na akafika wa kwanza, huyo hazami."

Akampa mkono. Kwisha. Hakuna "tutaona". Prince alilia. Ana miaka ishirini na mbili, anaishi kwa mama yake, nyumba ya vyumba vinne.

Nikamkimbilia Zorzi nyuma ya meza ya supu. "Patroni, tulikuwa tunaongoza. Ni mimi niliyezuia. Lazare hana kosa, nilizuia kwa kasia, nilitaka nguruwe."

Akanitazama. Kisha akacheka mpaka akashika meza. "Njooni msikie! Bisimwa anasema ameshindwa makusudi, kwa ajili ya nguruwe!" Wakaja, wakacheka. Mmoja akasema nina moyo mzuri, kumtungia rafiki uongo mkubwa namna ile. Zorzi akajifuta machozi, akanipiga bega. "Kama ni uongo, ni mzuri. Kama ni kweli, nguruwe amepata mwenyewe. Nenda."

Katika vani hakuna aliyeongea isipokuwa nguruwe. Lazare alikaa mbele, shati linanuka mkojo. Tulipofika Blacktown, mume wa Ninahazwe alikuwa amesimama nje na tepu ya kupimia, anapima upana wa mlango wa gereji. Alituangalia, akampungia Lazare mkono wa salamu, akaendelea kupima.

Lazare akashuka. Akaingia ndani, akajilaza kwenye godoro na viatu vyake.

Nikamfuata Gloriose mpaka mlangoni, nimembeba nguruwe kwenye boksi la vigae.

"Mama Iteka, usihuzunike. Ni mchezo tu wa Wazungu. Lazare amechoka, mikono imemwangusha, basi..."

"Mikono?" Akageuka. "Shemeji, mimi nimezaliwa Rumonge, nyumba ya tatu kutoka kwa kina Lazare. Nilikuwa nimesimama pale ufukweni. Unafikiri siwezi kutofautisha kasia linalovuta na kasia linalokokota?"

Nikalikumbatia boksi la nguruwe.

"Hujamwambia?"

"Nimwambie nini? Sasa hivi anafikiri mikono yake imekufa. Nikimwambia, atajua na rafiki amekufa. Nichague lipi, niambie wewe mwenye akili."

"Sikuamini, Mama Iteka. Naapa. Mapatroni wote niliowajua ni waongo. Niliona bora tupate kitu cha kushikika. Nilikuwa nawafikiria hata ninyi. Watoto, nyama, Noeli..."

"Noeli tutakuwa wapi, Bisimwa?"

Nikatazama ile tepu ya kupimia. Mume wa Ninahazwe alikuwa ameishika kwa kidole, anaandika namba kwenye kiganja.

"Sikiliza," nikasema, na nikaleta sauti yangu ya kuchekesha, maana sina nyingine. "Mimi na mumeo ni watani. Yeye mwenyewe ndiye aliyenifundisha: utani haukasirikiwi. Hata msibani."

"Amekufundisha nusu, au umesikia nusu. Mtani anatukana msibani, halafu anabeba jeneza, anachimba kaburi, anaondoka wa mwisho. Wewe umetukana. Jeneza umetuachia."

"Basi chukueni nguruwe. Mzima. Sitaki hata mkia. Ni haki ya Lazare, alimpokea yeye mbele za watu. Mchukue, Mama Iteka, nisirudi naye nyumbani."

Nikamsogezea boksi. Nguruwe akatoa pua, akanusa mkono wake. Gloriose akamtazama nguruwe, kisha akanitazama mimi, muda ule ule kwa kila mmoja, kama mtu anayelinganisha vitambaa dukani. Akashika mlango wa gereji juu ya kichwa chake, tayari kuuvuta.

"Asubuhi Lazare alipanda mashua na nguruwe mmoja," akasema, "jioni amerudi na wawili. Mchukue mwenzako, mwende."